Kombe la Baba Mdogo

Mwanangu wa mwisho ana tabia moja inayonitia wazimu. Ukimpa juisi na mrija hanywi, anapuliza. Anapuliza mpaka juisi inachemka mapovu, bulu-bulu-bulu, huku ananitazama kwa jicho la pembeni aone nitasemaje. Wenzake wanacheka mpaka wanashika matumbo. Mimi huwa nainuka natoka nje, naenda kusimama uani kama mtu aliyeitwa. Nyumbani kwangu wanaamini nachukia uchafu mezani. Sijawaeleza, kwa sababu maelezo yenyewe yanaanzia mbali, Mpanda ya miaka ya tisini, sebuleni kwa baba yangu mdogo, na yanahusu kombe lililoumwa. Nani ataelewa? Labda nyie.

Na nikisema kombe, msifikirie la mpira. Mimi mwenyewe nilifikiri hivyo. Baba Mdogo alipokuja Usevya kunichukua, baada ya matanga ya baba yangu, alimwambia Bibi, "Kwangu hatachoka na upweke, mama. Nina kombe nyumbani, watu wanatoka mbali kuja kulitazama." Njia nzima, nimekaa juu ya magunia ya mpunga kwenye lori, vumbi limenijaa mpaka kwenye meno, nilikuwa nawaza kombe la kung'aa lenye masikio mawili, la timu iliyoshinda. Nilipofika nikaonyeshwa sanduku la kioo lenye maji, na chini mchangani kitu kama jiwe lililopasuka. "Ndilo hilo," akasema, akitabasamu. Jamani! Nilitamani lori linirudishe.

Lile tangi lilikuwa la Mzungu mmoja aliyekuwa akikusanya samaki wa mapambo kule Ikola ziwani, wale wadogo wenye mistari na rangi za kanga mpya, akiwatia kwenye mifuko ya maji na kuwasafirisha kwao. Baba Mdogo alimfanyia kazi miaka mingi: kupiga mbizi, kuchagua samaki, kuwatunza walioumia. Mzungu alipoondoka tangi likabaki, na Baba Mdogo akalihamishia Mpanda pamoja na mke aliyempata hukohuko ziwani, Mama Deo. Akafungua duka la vipuri vya baiskeli karibu na soko, akaanza kuvaa mashati yaliyopigwa pasi. Mtaani waliliita tangi lile televisheni ya maji, maana televisheni yenyewe wengi wetu tulikuwa hatujaiona. Jumapili baada ya misa watu walikuja, wakakaa mkekani, wakatazama. Hakuna kilichokuwa kikitokea mle ndani. Walitazama hivyohivyo, wakasifu, wakanywa chai, wakaondoka.

Nilipofika mimi samaki walikuwa wameshaanza kupungua. Umeme wa Mpanda wakati ule ulikuwa wa jenereta, unakuja ukijisikia, na ukikatika pampu ya hewa inanyamaza, samaki wanapanda juu kuhema. Walikufa mmoja mmoja mpaka wakaisha. Hakuna aliyelaumiwa. Baba Mdogo alisema, "Samaki ni samaki," tukaendelea kula ugali. Likabaki kombe peke yake. Lilikuwa na ukubwa wa kiganja cha mwanamume, ganda la kahawia lenye mistari myembamba, na likijifungua ungeona ndani ukingo wa nyama laini, rangi ya maziwa yaliyoungua. Ukiligusa kwa kijiti linajifunga, pa! Deo, mtoto wao aliyekuwa anaanza kutembea, alikuwa akiangua kicheko kila linapojifunga.

Sasa niwaambie habari ya majaruba, maana bila hiyo hamtanielewa. Baba aliacha majaruba ya mpunga mazuri kuliko yote upande ule wa Usevya, ya chini bondeni, yasiyokauka hata mvua ikichelewa. Na aliniacha mimi. Mama alikuwa ameshatutangulia. Siku ya kuanua matanga ukoo ulikaa, na Bibi, aliyekuwa mtu mfupi mwenye sauti ndefu, akasema neno lililomaliza kikao: "Anayechukua majaruba anachukua na mtoto. Amsomeshe mpaka atakapofika. Mtoto akirudishwa hapa bila kosa, na majaruba yanarudi naye." Baba Mdogo akasema amekubali. Wazee wakagonga vifua kuafiki. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti nikila karanga, na neno nililolisikia ni "asomeshwe" tu. Yale maneno mawili, bila kosa, yalinipita kama upepo. Kumbe kuna mtu aliyasikia vizuri sana.

Baba Mdogo hakuwa mkali, msije mkadhani. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayebembeleza. Kwa kuwa nilipewa jina la Bibi, Skolastika, aliniita mama. "Mama, umekula?" "Mama, daftari zimebaki?" Hakunipiga hata siku moja, na nilimpenda kiasi cha kumpokea baiskeli kila jioni. Aliyenipiga ni Mama Deo. Loo, yule mwanamke! Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko ulimi wake, na ulimi wake haukuwa na breki. Ukichelewa kisimani kofi, ukicheka sana kofi, ukinyamaza sana anakuuliza unamsengenya nani moyoni. Ningeulizwa wakati ule nani ananitakia mabaya kwenye nyumba ile, nisingefikiri mara mbili.

Nikafanya mtihani wa darasa la saba. Matokeo yalipotoka, mwalimu mkuu alisoma majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari, na la kwangu lilikuwemo. Wasichana tulikuwa wachache mno, na mimi niliyetoka Usevya bila viatu nilikuwa mmoja wao. Nilikimbia toka shuleni mpaka dukani kwa Baba Mdogo bila kusimama. Alikuwa ameshika mnyororo wa baiskeli, mikono ina grisi. Akauzungusha mnyororo mkononi. Kisha akatabasamu, akasema, "Hongera, mama. Mungu mkubwa." Akarudi kwenye mnyororo wake.

Haikupita muda kombe likaanza kuumwa.

Kwanza lilichelewa kujifunga. Ukiligusa, linafikiri, ndipo linafunga nusu. Baadaye likawa linakaa wazi mchana kutwa, ule ulimi wake mnene umelala nje kwenye mchanga, na pembeni linatoa nyuzinyuzi za ute. Baba Mdogo akainama, akalitazama kwa kitambo, akaniita sebuleni na kunikalisha kwenye kiti cha wageni, mahali ambapo sikuwahi kukaa.

"Mama," akasema, "kombe hili ndilo jina langu hapa mjini. Likifa nitachekwa. Na mimi dukani sitoki. Nakupa wewe. Likipona, Januari nakupeleka shule mwenyewe, na sanduku jipya. Likifa…" Akainua mabega. "Likifa utakuwa umejiamulia mwenyewe. Mtu asiyeweza kutunza kitu kisichotembea, ataweza sekondari?"

Nikasema nitaweza. Mtoto gani angesema hataweza?

"Linaumwa nini, Baba?"

"Unaona ule ute? Linaharisha. Sasa mtoto akiharisha, shuleni waliwafundisha apewe nini?"

Hilo nililijua hata usingizini. Miaka ile tuliimbishwa kila mahali, shuleni, zahanati, hata kanisani. "Maji ya chumvi na sukari!"

"Safi. Sukari haina haja, hiki si mtoto. Lakini chumvi lazima. Hiki ni kiumbe cha baharini, mama. Kinaumwa kwa kukosa chumvi. Kijiko asubuhi, kijiko jioni, kama dozi. Usikose hata siku moja."

Nyie mnaojua, msinicheke bado. Baba Mdogo siku zote aliliita lile ziwa bahari. "Nilipokuwa baharini," angesema, na wageni wangeinua macho kwa heshima. Mimi maji makubwa niliyokuwa nimeyaona maishani ni ya mto wetu wenye viboko. Na kitabu cha sayansi kilisema bahari ni maji ya chumvi, na viumbe wenye maganda mawili wanaishi humo. Kitabu kimesema, Baba kasema, na zahanati inaimba. Ningeanzaje kubisha?

Basi nikamuuguza. Namwita yeye, siyo lile, kwa sababu mtaa mzima ulianza kuniuliza, "Skola, mgonjwa anaendeleaje?" nami najibu, "Leo afadhali," au, "Leo kalala vibaya." Niliamka kabla ya jogoo wa jirani. Nilichota chumvi ya Uvinza, ile ya mawe yenye rangi ya majivu, nikaitwanga laini kwenye kinu kidogo isimkwaruze, nikaikoroga kwenye kikombe na kuimimina polepole pembeni ya kioo. Nilianika beseni la maji juani mpaka yakaota kijani, maana nilikumbuka Baba Mdogo akisema Mzungu alilisha hivyo, nikawa namnywesha. Nilimsimamisha mchangani alipoanguka ubavu. Nilipangusa kioo kwa kanga yangu ya pekee. Niliacha kwenda kucheza rede. Mwenzangu mmoja alinicheka akasema nimeolewa na konokono.

Umeme ulipokatika ndipo palipokuwa na kazi. Pampu ikinyamaza, Baba Mdogo alinionyesha kuchomoa ule mrija wa plastiki na kuweka kinywani. "Puliza, mama. Polepole, usiache." Nikapuliza. Bulu-bulu-bulu, mchana kutwa, nimepiga magoti mbele ya tangi mpaka sakafu inaandika mistari kwenye magoti yangu. Mashavu yaliuma kama nimepigwa, kichwa kilizunguka, mara nyingine naona nyota mchana. Siku moja nilizimia. Nilipozinduka nilikuta Mama Deo amenisimamia na jagi tupu, maji yananitiririka shingoni. "Mjinga wewe," akasema. "Unampulizia roho yako mdudu?" Na kofi juu. Kumpiga mtu aliyezimia! Nikarudisha mrija kinywani.

Kadiri nilivyomtunza ndivyo alivyozidi. Ganda likawa halifungi kabisa. Kila jioni nilimpa Baba Mdogo taarifa mlangoni, kabla hajashuka kwenye baiskeli, na kila jioni alinisikiliza vizuri, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema, "Ongeza kidogo, mama." Nikaongeza. Kijiko kikawa viwili, vikawa vitatu.

Vita na Mama Deo vilianzia hapo, kwenye chumvi. Kwanza alikuwa ananifokea tu: "Chumvi yangu ya mboga unaimaliza!" Nikaona ni uchoyo. Kisha akawa ananipiga, na safari hii siyo yale makofi yake ya kupita njia, ananipiga kweli, kila anaponikuta na kile kikombe. "Acha chumvi! Nimesema acha chumvi!" Kisha akaificha. Nilitafuta mtungini, nikatafuta juu ya dari, nikatafuta uvunguni mwa kitanda, hola. Nikaenda kwa jirani, Mama Anyesi, mwanamke mwenye moyo wa dhahabu, nikamwambia mgonjwa amekosa dawa. Akanipa bakuli zima. Niliporudi nimelishika kifuani kama ekaristi, Mama Deo alinitazama kutoka jikoni, hakunipiga. Alikaa chini tu kwenye kigoda, akashika tama.

Kesho yake nilitoka kisimani nikamkuta sebuleni. Amevuta kanga kiunoni, anachota maji ya tangi kwa sufuria na kuyamwaga dirishani, anachota, anamwaga, kama nyumba inaungua. Ndoo mbili za maji safi zilikuwa pembeni yake. Nilipiga yowe. Nilijua nimeona mwisho wa kila kitu, sanduku jipya, shule, kila kitu, kinamwagwa dirishani na mwanamke mwenye wivu. Na wakati huohuo, kama makusudi ya Mungu, Baba Mdogo akaingia na mgeni wa kutoka Sumbawanga aliyekuja kutazama televisheni ya maji.

Hakupandisha sauti. Alimwomba mgeni radhi, akamsindikiza mpaka nje, akarudi, akafunga mlango. Akavua mkanda. Yule Baba Mdogo ambaye hakunigusa hata kwa ukucha alimpiga mkewe mbele yangu na mbele ya Deo, taratibu, bila hasira, kama mtu anayekung'uta godoro. Mama Deo hakulia. Aliniangalia tu, mimi, muda wote. Nikafikiri ananiapiza. Ukweli wenyewe nitausema: nilifurahi. Nilisimama pale na ndoo yangu, nikisema kimoyomoyo, mwongeze.

Baba Mdogo alipomaliza alirudisha mkanda kiunoni, akaniambia, "Haya, mama. Jaza maji. Na dozi usisahau."

Nikajaza. Nikampa dozi.

Kombe likafa. Nilijua kwa harufu. Mwenye kuujua uvundo wa dagaa waliolowa mvua gunia zima, auzidishe. Nilitia mkono majini, nyama ikabaki vidoleni mwangu, laini, inamomonyoka kama ugali uliolala. Nilikaa chini sakafuni. Sikuwa na hata machozi. Baba Mdogo alikuja, akatazama, akanishika bega kwa upole. "Pole, mama," akasema. "Umejitahidi." Kisha akatoa ganda, akalisugua vizuri kwa mchanga na maji ya moto, akalianika ukutani mpaka likakauka, akalifunga kwenye gazeti. Nilidhani analiweka kumbukumbu.

Alilipeleka Usevya. Na mimi nilipelekwa siku ileile, na mfuko wa nguo zangu.

Ukoo ulikaa tena uani kwa Bibi. Baba Mdogo alisimama katikati na shati lake la pasi, akafungua gazeti, akaliweka lile ganda juu ya mkeka. Watu wakasogea. Hakuna aliyewahi kuona kitu kama kile. Mzee mmoja akauliza kama kinaliwa.

"Nilimpa kitu kimoja tu akitunze," Baba Mdogo akasema, na sauti ikatetemeka vizuri kabisa. "Kimoja. Kitu chenye heshima yangu. Kakiua. Na siyo hicho tu. Samaki wangu walikuwepo kabla hajaja, wamekwisha wote. Kaka yangu alikuwepo. Sitaki kusema neno zito mbele ya mama. Ninasema tu, mkono wa mtoto huyu siyo mzuri. Nina mtoto mdogo nyumbani. Naogopa."

Mama mmoja aliyekuwa ameketi karibu nami akavuta mtoto wake mapajani, upande wa pili. Nilimwona. Nilikuwa nimempakata mtoto yuleyule asubuhi.

"Skola," Bibi akaniuliza, "ulifanya nini?"

Nikasema ukweli. Nikasema nilimpa dawa kila siku kama alivyosema Baba, sikukosa. Nikaeleza chumvi, nikaeleza mrija. Baba Mdogo akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema, "Mnaona. Kila siku mkono wake ulikuwa humo." Hakuna aliyeuliza habari ya chumvi. Nani pale alikuwa ameona ziwa? Kwao wote ilikuwa bahari, na bahari ina chumvi. Wazee wakanong'onezana, wakamaliza haraka kwa sababu mvua ilikuwa inakuja: mtoto amerudishwa kwa kosa. Majaruba yabaki kwa aliyeyachukua, maana yeye upande wake alitimiza. Bibi aliinuka kuanua nguo kabla ya mvua. Usiku wa siku ile ndipo nilipomsikia akilia, na kesho yake hakunipa mtoto wa jirani kumbeba wala kikombe chake kukiosha. Hata yeye aliingiwa na hofu ya mkono wangu.

Januari ile wenzangu walipanda basi na masanduku ya bati. Mimi nilipewa manati na debe, nikapelekwa bondeni kuwinga ndege kwenye mpunga. Kwenye majaruba ya baba. Yalikuwa ya Baba Mdogo sasa, na alipokuja msimu wa mavuno kukagua, alinikuta juu ya kichuguu nimekauka sauti kwa kupiga kelele, akaniambia, "Hujambo, mama?" Nikasema shikamoo. Ningesema nini kingine?

Miaka ikapita, niliolewa, nikazaa, nikaanza biashara ya dagaa. Watu hawaogopi mkono unaouza kitoweo kwa bei nzuri. Safari yangu ya kwanza kwenda Ikola mwenyewe nilikuwa mtu mzima, nina watoto wawili. Lori lilitushusha karibu na maji. Sijui niwaelezeje ule upana, milima ya Kongo ng'ambo kama moshi, dagaa wameanikwa mchangani wanameremeta. Na nikaona mwanamke ameingia majini mpaka magotini na ndoo. Akachota. Akajitwika. Mwingine akachota, akampa mtoto wake kwenye kikombe, mtoto akanywa.

"Mnayanywa?" nikauliza.

"Tunywe nini sasa, soda?" akanijibu, na wenzake wakacheka.

"Hayana chumvi?"

Wakacheka zaidi. Mmoja akasema, "Dada umetoka wapi wewe? Hili ni ziwa, siyo bahari." Nikainama nikachota kwa kiganja. Yalikuwa matamu. Maji baridi, matamu, kama ya kisima. Nilisimama pale miguu ndani ya maji, biashara imenitoka kichwani. Baba Mdogo alizamia ndani ya maji haya miaka mingi. Aliyanywa. Aliogea. Alitoa makombe kwa mikono yake kutoka kwenye mchanga huu.

Niliuliza kama kuna mtu anamfahamu Mama Deo. Alikuwepo, alikuwa amerudishwa kwao siku nyingi. Nilimkuta anageuza dagaa kwenye kichanja, amekonda, nywele zina mvi. Alinitambua kabla sijasema jina. Hakuacha kugeuza.

"Umeonja maji," akasema. Halikuwa swali.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungemuuliza. Wewe ulikuwa unamwambia kila kitu mlangoni pale, hata baiskeli hajaegesha. Na mimi alishaniambia nikifumbua mdomo nirudi kwetu, Deo abaki. Alisema yale majaruba hayarudishi kwa mtu, na njia kaipata." Akatupa dagaa mmoja aliyeoza. "Nikakupiga. Ulitaka nifanye nini tena?"

Nikaanza kusema asante, sijui hata nilisema nini. Akanikata. "Usinishukuru. Mengine nilikupiga kwa hasira zangu tu."

Nilimsaidia kugeuza dagaa, maana sikujua mikono yangu niipeleke wapi. Baadaye akacheka peke yake, kicheko kifupi kibaya.

"Nimeficha chumvi, umeenda kuomba kwa watu. Nimemwaga maji, umejaza. Nimekupiga, kesho umeamka mapema kuliko mimi. Jamani, mtoto! Ningepata mvivu mmoja tu mle ndani, lile kombe lingepona."

Nilirudi usiku ule juu ya magunia, na wenzangu wakaimba njia nzima. Mimi nilikuwa nikiwaza jambo moja. Siku zote nilidhani Baba Mdogo alinipa kombe lile kwa sababu hakunijali, kwamba nilikuwa mtoto yeyote tu aliyekuwa karibu na tangi. Sivyo. Duniani humu, baada ya baba kufa, hakuna mtu aliyenijua kama yeye. Alinitazama vizuri, siku ile amenikalisha kwenye kiti cha wageni, akaona mtoto wa namna gani ameketi mbele yake. Alijua sitasahau hata kijiko kimoja, na sikusahau.